Kiuno na Magoti Yanayouma Muda Mrefu: Unayoweza Kufanya Mwenyewe

Mama anayeanika dagaa Chifunfu, wilayani Sengerema, huinama tangu alfajiri: kumwaga, kutandaza, kugeuza, kukusanya. Mvuvi amekesha akivuta nyavu. Mkulima yuko shambani na jembe la mkono. Waulize wakishafikisha miaka arobaini na kitu, wote watakujibu, "Kiuno kinaniua."

Maumivu yakizidi miezi mitatu huitwa sugu. Mwaka 2020, watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwa walio wengi vipimo havionyeshi ugonjwa mahususi. Maumivu yakishakuwa sugu, mishipa ya fahamu huwa kama mbwa mkali anayebweka hata mwenyeji anapoingia. Kwa hiyo ukisikia maumivu kidogo unapotembea au kufanya kazi, usidhani kila mara kwamba mgongo unaharibika. Kulala kutwa ndiko kunakodhoofisha misuli.

Kinachowaponza wengi ni hiki: siku ya nafuu mtu anapalilia shamba zima, kisha siku tatu hanyanyuki. Jipimie kazi kabla hujaanza. Palilia matuta matano, simama, jinyooshe, tembea mpaka mwembeni, urudi. Fanya hivyo hata kama huumwi, maana ukisubiri kiuno kikukumbushe umeshachelewa. Ukiimudu wiki nzima, ongeza tuta moja. Waeleze wa nyumbani mapema, wasije wakakuita mvivu.

Anayeanika dagaa atengeneze chanja kinachomfikia kiunoni. Atageuza akiwa wima, na dagaa hawatashika mchanga. 

Kwa magoti, kaa kwenye kiti imara, inuka polepole bila kujishikilia, kaa tena. Anza na mara chache kila siku.

Diklofenaki ya dukani inatuliza, lakini ukiimeza kila siku kwa miezi inachubua tumbo, inaumiza figo na kupandisha presha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu na mazoezi, na haushauri kuvaa mikanda ya kiuno kama tiba ya kawaida. Hela ya mkanda inunulie mbao za chanja.

Yapo maumivu ya kutosubiri. Ganzi makalioni au sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka bila kujijua, miguu kulegea: nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa, kukonda na jasho la usiku pamoja na maumivu ya mgongo huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa mara kwa mara apimwe selimundu, ugonjwa ulioenea Kanda ya Ziwa. Anzia kituo cha afya au Hospitali Teule ya Sengerema. Ukipewa rufaa ya Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 linapitika hata usiku wa manane. Hakuna tena kungoja kivuko.