Virusi Sugu: Usiiulize Kompyuta Iliyoambukizwa Kama Imepona

Virusi vinapogoma kutoka, wengi huongeza antivirasi ya pili, kisha ya tatu, wakitumaini mojawapo itafaulu. Nakushauri uiache njia hiyo. Antivirasi hizo zote zinafanya kazi ndani ya Windows iliyokwisha kutekwa, na zinaona kile tu ambacho Windows hiyo inakubali kuzionyesha. Mwaka 2005 mtaalamu wa Windows, Mark Russinovich, aligundua kwamba baadhi ya CD za muziki za Sony BMG ziliingiza kwenye kompyuta programu iliyoficha kila faili lenye jina linaloanza na $sys$. Mwenye kompyuta angepekua folda zote asilione. Conficker, programu hasidi iliyoibuka mwaka 2008, ilizuia kompyuta kufungua tovuti za kampuni za antivirasi na kuzima masasisho ya Windows. Ndiyo maana nasisitiza kwamba usafi ufanyike kutoka nje ya Windows iliyoambukizwa, na ukishindikana, Windows hiyo ifutwe yote.

Kwanza ikate kompyuta intaneti, kisha tumia simu yako kubadilisha nywila, ukianza na ya barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayofungua akaunti nyingine. Kwenye Windows 10 au 11 fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, halafu Scan options, uchague Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima na kuwaka, na ukaguzi wa kama dakika 15 utafanyika kabla Windows haijaamka, wakati virusi vingi havijapata nafasi ya kujificha. Ukimaliza, kagua orodha ya Startup kwenye Task Manager, viongezo vya kivinjari, na hasa Task Scheduler, sehemu ambayo watu huisahau: virusi huacha humo kazi ya kujipakua upya. Tahadhari ileile ya antivirasi ikirudi baada ya hapo, acha kupambana nayo. Kwa kompyuta nyingine iliyo salama, andaa flashi ya GB 8 kwa Media Creation Tool, na wakati wa kupiga Windows upya ufute partisheni zote za diski ya kompyuta iliyoambukizwa.

Utasema kufuta kutakupotezea kazi zako. Si lazima. Nakili kwanza picha na nyaraka kwenye diski ya nje, uache programu na faili zote za exe, kisha uzikague nakala hizo kwa antivirasi kabla ya kuzirudisha. Hata kwenye flashi ambayo folda zake zimegeuka shotikati, mara nyingi mafaili yamefichwa tu na yanaweza kuonyeshwa tena kwa amri ya attrib. Wengine watataja bando, kwani Windows ni GB kadhaa, na wataipeleka kompyuta kwa fundi. Hakuna ubaya, ila mwombe asikuwekee kreki, yaani programu ya kukwepa leseni: programu inayokutaka uzime antivirasi ndipo iingie haistahili kuaminiwa. Kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows 8 au za baadaye zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama, hivyo ukirudisha toleo lilelile hujiamilisha zenyewe bila malipo.

Ipo hoja nyingine, kwamba vipo virusi vinavyobaki hata diski ikifutwa. Ni kweli. LoJax, iliyofichuliwa na kampuni ya antivirasi ya ESET mwaka 2018, ilijificha kwenye chipu ya ubao mama. Lakini walengwa wake walikuwa taasisi za serikali huko Ulaya, na tishio la aina hiyo ni nadra kwenye kompyuta ya nyumbani. Kuacha kufuta kwa kuihofia ni kubaki na ugonjwa unaotibika.

Anayeogopa kufuta kwa kawaida ni yule asiye na nakala. Basi leo, kompyuta yako ikiwa bado nzima, nakili kazi zako kwenye diski ya nje, uichomoe na kuiweka kando. Ukiwa nayo, hakuna virusi vitakavyokulazimisha uishi navyo.