Kukauka au Kuganda? Tatizo la Istilahi katika Uundaji wa Ndege ya Faibaglasi

Makala haya yanachunguza kitenzi kimoja, *kukauka*, na hatari inayozaliwa kinapohamishwa kutoka ukuta wa udongo hadi bawa la ndege. Uwanja wa mjadala ni uundaji wa ndege ndogo katika gereji ya nyumbani, kwa njia iliyoenezwa na Burt Rutan huko Mojave, Marekani. VariEze yake iliruka mara ya kwanza mwaka 1975, na Long-EZ ikafuata mwaka 1979. Rutan aliuza michoro, na watu wasio na kiwanda wakaziunda wenyewe.

Njia hiyo si ngeni kabisa kwa mkazi wa Kathonzweni. Povu gumu hukatwa kwa waya uliopashwa moto hadi lipate umbo la bawa, kisha hufunikwa kwa vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa utomvu wa epoksi. Aliyeona nyumba ya fito ikikandikwa udongo atautambua mgawanyo huo wa kazi. Msusi wa kyondo naye anajua kwamba nguvu ya uzi wa mkonge imo katika urefu wake. Ndiyo maana baadhi ya vitambaa vya bawa hulazwa mshazari, kwa digrii 45, ili bawa lisijisokote.

Hapo ndipo mlinganisho unapokoma. Udongo hukauka: maji huondoka, ukuta ukabaki. Epoksi haikauki, kwa kuwa hakuna kinachopaswa kuondoka. Utomvu huungana kikemia na kigumishi chake, kwa uwiano uliopimwa, vikawa kitu kipya. Fundi anayesema "inakauka" huenda akafuata mantiki ya neno lake, akaongeza kigumishi ili "ikauke upesi". Kigumishi kilichozidi hukosa cha kuungana nacho, na bawa huwa dhaifu hata likiwa gumu kwa kidole. Kupaka tabaka jingine juu hakuponyi kosa hilo.

*Kuganda* kunafaa zaidi. Kweli, maji nayo huganda kwa baridi, na mwanafunzi anaweza kudhani epoksi inataka jokofu, ilhali joto ndilo linaloiharakisha. Mchanganyiko mwingi ukiachwa katika mkebe mmoja huweza kupata moto na kufuka moshi kabla ya brashi kumaliza kazi. Lakini waashi wamekwisha kulitatua jambo hili. Saruji mbichi humwagiwa maji ili isikauke kabla ya kuganda. Vitenzi viwili, maana mbili, katika sentensi moja ya kazi.

Linabaki suala la jua. Ndege hizi hupakwa rangi nyeupe kwa sababu epoksi iliyoganda hupoteza ugumu ikipata joto jingi, jambo lisiloweza kupuuzwa katika nyanda kavu za Makueni. Hali hiyo isiitwe *kuyeyuka*, kwani epoksi haigeuki kiowevu. Inalegea.