Methali Nne za Kupandia Mlima

Katika makala haya nakusudia kutoa somo fupi kuhusu matembezi ya jamaa milimani, yaani baba, mama, nyanya na watoto watoke pamoja asubuhi, wapande kilima, wale, wapumzike, kisha warudi nyumbani salama. Huenda ukauliza, "Hayo si mambo ya watalii?" La hasha! Wachungaji wetu wamevipanda vilima hivi tangu jadi. Ila sisi tunaokaa mjini Rhamu twaviona kila siku, na wengi wetu hata majina yake hatuyajui.

Darasani twasoma methali ili tupate alama za insha. Mimi naona methali zafaa pia kuokoa roho. Nimechagua nne, nami nitazipima moja moja kwa hali ya huku kwetu. Soma kwa makini, kwani kuna moja ambayo ukiifuata huku bila kufikiri, itakuponza.

Kwanza tuijue nchi yetu

Mawe mengi ya Mandera ni ya chokaa, na mengine ni matope ya kale yaliyogandamana. Wanajiolojia watuambia kuwa yalifanyika chini ya bahari katika zama za Jurasi, kati ya miaka milioni 201 na milioni 145 iliyopita. Naam, bahari! Ndiyo maana mtu anaweza kuona umbo la kombe ndani ya jiwe, ilhali kutoka hapa hadi Bahari ya Hindi ni mamia ya kilomita. Ukiliona jiwe kama hilo, mwonyeshe mdogo wako, halafu liacheni papo hapo. Mabaki ya aina hiyo yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006.

Magharibi ya Rhamu, kandokando ya mto Daua mpakani mwa Ethiopia, iko Mbuga ya Taifa ya Malka Mari, iliyotangazwa mwaka wa 1989. "Malka" ni neno la Kiborana, maana yake kivuko. Huko msiende kabla ya kuzungumza na maafisa wa KWS. Kwa jamaa yenye watoto wadogo, kilima cha karibu chatosha.

1. Akiba haiozi

Vitabu vyetu vingi husema mlimani kuna baridi. Ni kweli kwa Mlima Kenya, kwani kilele cha Lenana kina urefu wa mita 4,985, na usiku maji huganda. Lakini hebu tupige hesabu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila upandapo mita 1,000. Kilima cha mita 200 basi kitakupunguzia joto nyuzi moja tu! Na huku mchana joto hupita nyuzi 35 mara nyingi, tena jiwe lililopigwa na jua hukuchoma kutoka chini. Kwa hiyo adui yetu ni joto, na silaha yetu ni maji.

Mtu mzima anayetembea juani aweza kupoteza nusu lita hadi lita nzima ya jasho kwa saa moja. Kwa matembezi ya saa tatu, mpe kila mtu mzima lita 3 na kila mtoto lita 2. Jamaa ya watu wazima watatu na watoto watatu itahitaji lita 15, nazo ni kilo 15. Nani atabeba? Kama kuna punda, basi heri. Kama hakuna, kila mtu abebe yake, na mkubwa amsaidie mdogo. Gaweni maji mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la akiba. Fungu la akiba halifunguliwi mpaka mlango wa nyumba uonekane.

Chakula kisiwe kizito. Anjera, tende na nyirinyiri vyatosha, na chai ndani ya chupa. Mtu akianza kuumwa na kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, mketisheni kivulini na mumnyweshe taratibu. Dawa ya nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kupimwa sawasawa bila kurundika. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akizimia, msimnyweshe kitu. Mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, na mkimbizeni hospitali.

Ondokeni mara tu baada ya sala ya alfajiri, na saa nne iwakute mkishuka.

2. Dalili ya mvua ni mawingu

Hii ndiyo niliyokuonya. Huko ilikotungwa ni kweli tupu. Huku kwetu, mbingu yaweza kuwa nyeupe kama karatasi na maji yakaja. Sababu ni kuwa Daua hutoka nyanda za juu za Ethiopia. Mvua yanyesha huko mbali, sisi huku tunaota jua, halafu mto unafurika. Laga nazo ni vivyo hivyo: mchanga mkavu asubuhi, mto mchana. Mwisho wa mwaka wa 2023 mvua za El Niño zilileta mafuriko makubwa Mandera, Wajir na Garissa, nasi tuliona nguvu ya maji.

Kwa hiyo kanuni ni hizi. Msitandike mkeka ndani ya laga, hata kama kivuli chake ni kizuri namna gani. Mkisikia mngurumo, au mkiona maji ya udongo yakibeba vijiti na povu, pandeni juu, msingoje kufungasha vyombo. Maji ya kasi yakifika magotini humwangusha mtu mzima, seuze mtoto. Tena kumbukeni Daua ina mamba, watoto wasiogelee.

3. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma

Kupanda, pumzi yakwambia polepole. Kushuka hakuna wa kukwambia. Miguu imechoka, magoti yatetemeka, na vijiwe vya chokaa huteleza kama punje za mahindi sakafuni. Shukeni kwa kupindapinda. Mtu mzima mmoja atangulie, mwingine awe nyuma, watoto kati, wala asiwepo wa kukimbia. Mwendo uwe wa nyanya, kwa sababu jamaa hufika pale afikapo wa mwisho wao.

Vaeni viatu vya kufunga, au akala nene zinazozuia miiba. Msitie mkono chini ya jiwe msipopaona, kwani ng'e na nyoka nao wanatafuta kivuli. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala jeraha lisinyonywe. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, abebwe hadi hospitali.

4. Milima haikutani, lakini binadamu hukutana

Hapa niseme wazi, maana ukimya haumlindi mtoto. Watu wa Mandera hawajasahau mwaka wa 2014, basi liliposhambuliwa tarehe 22 Novemba, na wachimba mawe wa Koromey tarehe 2 Desemba. Mambo kama hayo yanatufungia milangoni, na mama akikataa watoto wasiende kilimani ana haki ya kukataa. Basi ulizeni kabla ya kwenda: wachungaji wanaotoka huko, wazee, chifu, polisi. Wakisema siku si nzuri, bakini nyumbani, kilima hakihami. Mkienda, mwachieni jirani habari ya njia mtakayopita na saa ya kurudi. Na kitu cha chuma msichokijua msikiguse kabisa, rudini mkatoe habari.

Siku ikiwa nzuri, alikeni pia jirani ambaye si wa ukoo wenu. Watoto waliokula tende pamoja juu ya kilima wana la kukumbushana wakiwa wakubwa.

Msamiati

Kilele: sehemu ya juu kabisa ya mlima.
Genge: ukingo wa mwamba ulioporomoka wima.
Jabali: jiwe kubwa sana.
Laga: mkondo wa mchanga unaopitisha maji wakati wa mvua.
Mteremko: mahali pa kushukia.

Zoezi

1. Jamaa ina watu wazima wawili na watoto watano. Watahitaji lita ngapi kwa saa tatu?
2. Eleza kwa nini methali ya pili haitoshi kwa mkazi wa Rhamu. Tunga methali yako inayofaa mto Daua.
3. Muulize nyanya au babu yako majina ya vilima vitatu vya karibu na maana zake. Yaandike, uyalete kwenye mkutano wa chama. Tutayahifadhi kabla hayajapotea.