Mwezi Mwandamo na Kilimo cha Vuli

 

Alinijia mzee mmoja, jirani wa chuo chetu, vuli ilipokwisha, akakaa barazani hata watoto wakatoka chuoni. Kisha akasema, "Maalim, nina neno la kuuliza, nalo ni neno la aibu." Khabari yake ilikuwa hii. Mvua ya kwanza ilipoanguka mwezi wa Oktoba, shamba lake lilikuwa limekwisha kulimwa, na mbegu za mahindi zimo ndani, amezinunua kwa deni. Lakini mwezi ulikuwa umepita kumi na tano, unapungua. Naye alipokea kwa wazee wake kwamba kipandwacho mwezi ukipungua hakiinuki, ila mihogo na viazi na vyote vizaavyo chini ya udongo. Basi akangoja mwezi mwandamo, siku 12. Majirani zake wakapanda. Alipopanda yeye, mvua ikakatika. Na vuli ilipokwisha, mahindi yake ndiyo kwanza yalikuwa yakitoa mbelewele. Hakuvuna kitu, na deni liko pale pale. Akauliza: Je, nimekosa katika dini kwa kuufuata mwezi? Na haya ya mwezi ni kweli au si kweli?

Nimeona yafaa kumjibu kwa kalamu, kwa kuwa walio kama yeye ni wengi, nao hawaulizi.

Ama swali la kwanza, yategemea itikadi ya moyo. Mwenye kuamini kwamba mwezi wenyewe ndio uoteshao mbegu au uiuao, huyo ameupa kiumbe kazi ya Muumba, na hilo ni jambo kubwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa Hudaibiya, baada ya usiku wa mvua, aliwaeleza masahaba zake tofauti ya mtu aisemaye mvua kuwa ni fadhila ya Mwenyezi Mungu na mtu aitegemezaye kwa nyota. Na Imamu wetu Shafi, katika kitabu chake Al-Umm, amepambanua: mtu akiitaja nyota kwa maana ya wakati tu, kama asemavyo "tulipata mvua mwezi fulani," huyo hakukufuru, ingawa Imamu alipenda zaidi asemwe maneno mengine. Basi mzee wetu, ambaye aliudhani mwezi kuwa ni alama na Mwenye kuotesha ni Mungu, hakutoka katika dini. Alikosea katika ilimu ya shamba. Na katika ilimu hiyo Mtume mwenyewe aliwaachia watu wa Madina, pale waliposita kupachika mitende kwa neno lake na tende zikatoka mbovu. Akawaambia kwamba mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Kwa hiyo swali la pili halijibiwi kwa Aya wala kwa Hadithi. Hujibiwa kwa kuangalia.

Lakini kabla ya kuangalia, tazameni jinsi sheria ilivyogawanya nyakati. Saumu, Hija, Idi, eda ya mjane, hauli ya zaka ya dhahabu na ya biashara, haya yote hufuata mwezi. Zaka ya mazao haikungoja hauli. Huwajibika punje inapokomaa na kuwa ngumu, na hutolewa baada ya kuvunwa na kusafishwa, ikiwa ni Rajabu au Shaabani au mwezi wowote. Hapa pana hekima iliyo wazi. Mwaka wa mwezi ni siku 354 au 355, nao hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku kama 11. Kwa hiyo kila mwezi wa Kiislamu huzunguka majira yote katika miaka kama 33. Ramadhani ya mwaka 2007 ilianza Septemba, na Idi ikawa Oktoba, mlangoni mwa vuli. Ramadhani ya mwaka 2025 ilianza Machi, mlangoni mwa masika. Mkulima atakayesema "mimi hupanda Shawali" atapanda mwaka mmoja katika matope na mwaka mwingine katika vumbi.

Wazee wetu wa pwani waliyajua haya, ndiyo maana walihesabu kilimo kwa miongo, yaani kumi kumi za siku, tangu siku ya Mwaka, ambayo huko Makunduchi, Unguja, huangukia Julai. Mwongo wa tisa humfikisha mtu Oktoba. Hesabu hiyo ni ya jua, na kuihesabu si bidaa. Yafanywayo siku hiyo ni maneno mengine, wala si mahali pake hapa. Hata hesabu ya jua hupotea isiposahihishwa. Huko Baghdad, Nairuzi, ambayo ndiyo siku ya kufungua kudai kharaji, ilirudi nyuma kidogo kidogo kwa kukosa siku ya ziada ya kila miaka minne, hata watu wakadaiwa mazao yangali mabichi. Basi Khalifa al-Mutadid, mwaka 282 wa Hijra (895), akaamuru isogezwe mbele hata tarehe 11 Juni. Khalifa aliifuata punje. Hakuilazimisha punje imfuate yeye.

Sasa tuangalie. Nuru ya mwezi mpevu ni kama sehemu moja katika 400,000 ya nuru ya jua, haitoshi kuulisha mmea. Wasemao kwamba mwezi huvuta maji ya udongo kama uvutavyo bahari, wamepima kwa kipimo kisichofaa. Bahari hupanda na kushuka kwa kuwa ni pana mno, na sisi wa Mombasa twaona bamvua zikipita futi 10. Bali ndoo ya maji haitikisiki, wala unyevu wa jaruba. Kisima kilicho karibu na pwani huenda kikapanda, lakini hicho kinasukumwa na bahari. Mwaka 2020 wataalamu wa Hispania waliyapitia maandiko ya ilimu ya mimea na ya maumbile, wasipate dalili ya kutegemewa kwamba kupanda kwa mwezi huongeza mavuno.

Liko shamba moja lifuatalo mwezi kwa haki, nalo ni shamba la mwani. Tangu mwaka 1989 watu wa Paje na Jambiani, na wengi wao ni wanawake, hulima mwani kwa biashara, nao hushuka kufunga na kuvuna wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa sababu ndipo maji yakauapo mbali. Kadhalika mvuvi wa dagaa hutaka usiku wa kiza ili taa yake ivute samaki. Hawa wana sababu ionekanayo.

Ama mvua ya vuli, sababu yake kubwa ni joto la Bahari ya Hindi. Upande wetu wa magharibi ukiwa na joto kuliko upande wa Sumatra, mvua huzidi, kama ilivyokuwa mwaka 1961, 1997 na 2019. Mambo yakigeuka, mvua hukimbilia mashariki, kama vuli ya 2022 iliyowaumiza watu wa pwani ya Kenya. Mwezi uliandama na kupungua sawasawa katika miaka hiyo yote.

Na lau mtu atasema, "Babu zetu walipanda kwa mwezi, wakavuna," tutamjibu: walivuna kwa kuwa walikuwa na jicho la mvua, na mwezi ulikuwa kalenda yao ya kuhesabia siku, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini vuli ni fupi. Mahindi yetu hutaka miezi mitatu hata minne, na mvua huwa Oktoba hata Disemba. Mwenye kutupa siku 12 za mwanzo ametupa zile zilizo bora. Na achimbe kwa jembe: udongo ukiwa umelowa shibiri nzima, apande, mwezi uwe wowote. Akichelewa, aache mahindi, apande kunde, ambazo hukomaa upesi.

Limebaki deni la mzee, ambalo hakuliuliza kwa haya. Aliyekopa kwa jambo la halali akashindwa kulipa, deni likiwa limefika wakati wake, ni katika wale wanane wastahikio zaka. Na majirani zake waliopanda mapema, kila aliyetimiza wasaki 5, nazo ni swaa 300, zipatazo kilo 600 na zaidi, ana sehemu moja katika kumi ya kutoa, kwa kuwa mahindi yao yalinyweshwa na mvua. Yafaa wampe mahindi hayo ayauze alipe. Nimewaambia wawili kati yao, na mmoja amekwisha kuleta.