Kijiko Kizito Kuliko Maziwa: Chakula cha Kwanza cha Mtoto

Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi, maharage na viazi hutoka huko kwa malori kwenda kwenye masoko ya miji mingine. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kuwa Iringa zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Njombe na Rukwa ni nusu hivi, wakati wastani wa Tanzania ni asilimia 30. Udumavu una sababu nyingi: lishe duni ya mama mjamzito, maji machafu, kuhara kwa mara kwa mara. Lakini mikoa yenye maghala yaliyojaa haiwezi kusingizia uhaba wa mavuno. Sehemu kubwa ya udumavu hujijenga kati ya miezi sita na miaka miwili, wakati mtoto anapojifunza kula. Kwa hiyo hata nyumba yenye chakula cha kutosha ina la kujiuliza: ni kipi kati ya hicho kinachofika kwenye kijiko cha mtoto, lini, na kikiwa kizito kiasi gani?

Lini aanze

Tumbo la mtoto lina nafasi ya mililita 30 hivi kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto wa kilo saba, basi, hubeba mililita 210 kwa mlo mmoja, yaani kikombe kisichojaa. Chochote kinachoingia humo hukalia nafasi ya maziwa ya mama, hivyo sharti kiwe bora kuliko maziwa hayo. Kabla ya miezi sita hakuna kitu cha namna hiyo. Maziwa ya mama yana nguvu, kinga, na maji pia, kwani karibu asilimia 88 yake ni maji. Hata kwenye joto la Pwani mtoto huyu hahitaji kunyweshwa maji. Wengi watauliza: mbona analia, si ishara kwamba maziwa hayamtoshi? Mtoto hulia kwa usingizi, joto, gesi, au kwa kutaka kubebwa. Kinachopima maziwa ni mkojo na mizani: akilowanisha nepi sita au zaidi kwa siku, na mstari wa kadi ya kliniki ukipanda, anashiba. Akitaka kunyonya mara nyingi, anyonyeshwe, maana ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Lakini akishatimiza miezi sita hesabu inabadilika. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua, maziwa yana chuma kidogo, na mwili unadai nguvu zaidi. Kusubiri hadi mwezi wa nane au wa tisa kwa kuwa “bado mdogo” ni kosa sawa na kuharakisha.

Uji gani

Hapa ndipo nyumba nyingi zenye nia njema hukosea. Mililita 100 za maziwa ya mama zina kilokalori 65 hivi. Uji mwepesi wenye gramu tano za unga kwa kipimo hichohicho una kilokalori 18 tu. Mtoto wa miezi sita hadi minane anayenyonya vizuri anahitaji kilokalori 200 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula. Ili azipate kwa uji huo, itabidi anywe zaidi ya lita moja. Hawezi, na akijaribu hatabaki na nafasi ya kunyonya. Ongeza unga ufike gramu 15, uji utafika kilokalori 50 na ushee, bado chini ya maziwa. Tia kijiko cha chai cha karanga zilizosagwa, unapita 80. Sasa milo miwili au mitatu ya nusu kikombe inatosha, na nafasi ya maziwa inabaki.

Bibi atasema uji mzito utamkaba mjukuu. Hofu hiyo ina msingi, ila imeelekezwa pasipostahili. Kinachokaba ni karanga nzima, kipande cha nyama, tonge gumu. Uji laini unaoshika kijiko humezwa na mtoto aliyekaa wima na kulishwa taratibu. Mara nyingi uji hufanywa mwepesi ili upite kwenye tundu la chuchu ya chupa, na chupa yenyewe ni ngumu kusafisha. Kikombe na kijiko vinamaliza matatizo yote mawili. Kwa mtoto anayekataa uzito, ipo njia iliyochunguzwa hapa Tanzania tangu miaka ya 1980: kimea. Loweka ulezi usiku kucha, uache kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka uote, uanike, kisha usage. Pika uji mzito, uepue upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Utauona ukilegea mbele ya macho yako bila tone la maji kuongezwa. Urudishe mekoni uchemke tena dakika chache. Unga ni uleule, lakini sasa unamezeka.

Zaidi ya uji

Uzito wa unga peke yake hauleti madini ya chuma. Ndiyo maana unga wa lishe wenye mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano kwa pamoja haumpi mtoto alichokosa: hizo zote ni nafaka, kundi moja lenye majina matano. Nafaka moja ikisindikizwa na maharage yaliyopondwa, dagaa wa kusagwa, yai au ini, na mboga au tunda, inafanya kazi kubwa zaidi. Kwa anayesema nyumba haina uwezo, dagaa na maharage ndivyo vitoweo vya watu wa kawaida. Mtoto anahitaji vijiko viwili tu kutoka kwenye chungu cha wote, vitolewe kabla ya pilipili. Wapo wanaoamini yai huchelewesha mtoto kusema. Halina uwezo huo. Kuhusu mzio, utafiti uliofanyika London na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto walio katika hatari kubwa waliopewa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Anzisha chakula kipya kimoja kimoja. Akivimba au kutoka vipele, mpeleke kituo cha afya. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Asali isubiri mwaka mmoja, na chai ikae mbali, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza chuma.

Kuanzia mwezi wa tisa milo iwe mitatu hadi minne, upondaji wa chakula upungue kidogo kidogo, na maziwa ya mama yaendelee hadi miaka miwili au zaidi. Mikono ioshwe kwa sabuni, na uji wa asubuhi usikae kwenye chupa ya chai hadi jioni. Mtoto awe na bakuli lake, ili baba, dada au yeyote anayemlisha ajue amekula kiasi gani. Na kabla ya kijiko cha kwanza, kiinamishe juu ya bakuli. Uji ukitiririka kama chai, urudishe jikoni. Ukikawia kudondoka, mlishe.