Wiki Yako Binafsi: Namna ya Kuifunga Isisomwe na Wasiohusika

Kijitabu hiki ni chako wewe uliyejiundia wiki yako mwenyewe, yaani daftari la kurasa zilizounganishwa kwa viungo, ukaliweka kwenye seva ya kukodi au kwenye kikompyuta cha Raspberry Pi pale nyumbani ili ulifungue kwa simu popote ulipo. Humo watu huandika mambo mazito: matibabu ya mzazi, namba za hati ya kiwanja, hesabu za duka, majina ya waliochangia msiba na kiasi alichotoa kila mmoja. Tutatumia mfano wa DokuWiki, programu ya bure iliyoanzishwa na Andreas Gohr mwaka 2004, kwa kuwa haihitaji hifadhidata na huendeshwa hata na seva ndogo kabisa.

Kuficha anwani hakutoshi

Wengi huamini kwamba anwani ambayo hawajampa mtu haitajulikana. Imani hii inaponza. Anwani zote za IPv4 duniani ni takriban bilioni 4.3, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha, kwa programu yao ya ZMap, kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya kasi inaweza kuzipitia zote kwa chini ya dakika 45. Leo uchunguzi wa namna hiyo hufanyika usiku na mchana. Tena, ukichukua cheti cha usalama kwa ajili ya jina la tovuti yako, jina hilo huingizwa kwenye kumbukumbu za vyeti zilizo wazi kwa yeyote anayetaka kuzipekua. Faili la robots.txt nalo ni ombi tu kwa mitambo ya utafutaji. Mwenye nia mbaya halitii, na pengine litamwonyesha pa kuanzia.

Faili zilizo nyuma ya ukurasa wa kuingilia

Hapa tunakuomba usome taratibu. Unaposakinisha DokuWiki, utaulizwa aina ya ruhusa unayotaka. Chagua wiki iliyofungwa, na ondoa ruhusa ya watu kujisajili wenyewe. Lakini ukurasa wa kuingilia hulinda yale tu yanayopitia kwenye programu. Kurasa zako zimehifadhiwa kama faili za maandishi ya kawaida katika folda iitwayo data. Seva ya Apache, ikiwa imeruhusiwa kusoma faili za .htaccess zinazokuja na programu, huizuia folda hiyo. Nginx, seva nyingine ya tovuti, haisomi faili hizo kabisa. Kwa hiyo aliyehamia Nginx anaweza kuuona ukurasa wa kuingilia akaridhika, kumbe kila alichoandika kinasomeka na yeyote anayejua njia ya faili.

Jipime hivi. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, usiingie kwa jina lako, kisha andika anwani ya wiki yako ikifuatiwa na /data/pages/wiki/dokuwiki.txt. Ukikataliwa, vizuri. Maandishi yakitokea, zima seva kwanza. Ongeza kwenye mipangilio ya Nginx amri ya kuzuia folda za data, conf, bin na inc, kisha iwashe seva na ujaribu tena. Lililo bora zaidi ni kuihamishia folda ya data nje kabisa ya folda ya tovuti, na kuielekeza DokuWiki huko kwa kipengele cha savedir.

Watumiaji wa MediaWiki, programu nyingine ya wiki, wana tatizo linalofanana na hili. Hata ukiwazuia wageni kusoma kurasa, picha ulizopakia bado hufunguka kwa anwani zake za moja kwa moja mpaka uzipitishe kwenye img_auth.php. Kama umepakia picha ya kitambulisho, usilipuuze hili.

Njia tunayoipendekeza

Ushauri wetu mkuu ni kuiondoa wiki kwenye intaneti ya wazi na kuifikia kwa WireGuard, programu ya mtandao binafsi (VPN) ambayo tangu mwaka 2020 imo ndani ya kiini cha Linux. WireGuard haimjibu asiye na ufunguo, hivyo mchunguzi hapati dalili yoyote. Iagize seva ya tovuti isikilize anwani ya ndani ya WireGuard peke yake, na kipe kila kifaa ufunguo wake. Simu ikiibiwa, unafuta ufunguo wa simu hiyo tu. Laini nyingi za simu hazina anwani zake za umma, kwa hiyo kompyuta ya nyumbani inayotumia laini hiyo haifikiki moja kwa moja kutoka nje. Kodi seva ndogo iwe kiungo, au tumia Tailscale, ambayo imejengwa juu ya WireGuard na hutafuta njia yenyewe.

Ikikulazimu kuiacha wazi, tumia HTTPS bila mjadala. Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo. Bila HTTPS, nywila yako hupita mtandaoni ikisomeka.

Sasisha programu kila toleo jipya linapotoka. Weka nakala ya akiba iliyosimbwa nje ya seva, maana umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi huweza kuharibika.

Kama wiki yako iko hewani sasa hivi, fanya jaribio la folda ya data leo, kabla hujaandika ukurasa mwingine.