Mama akipaliwa, usikimbilie maji

Mdogo wangu wa Tandika, barua yako nimeisoma. Mama mkwe, ambaye kumbukumbu zimemtoka, siku hizi anakaa na tonge shavuni huku anakutumbulia macho, chai kidogo tu anapaliwa, na wifi zako wanasema anadeka. Hadeki. Ugonjwa uliomsahaulisha majina ya wajukuu ndio huohuo unaomsahaulisha kumeza. Kulisukuma tonge kwa ulimi na kuziba njia ya hewa ili chakula kipite ni kazi ya ubongo, na ubongo wake umechoka.

Sasa lile tulilolelewa nalo sote: mtu akipaliwa, "mpe maji!" Naomba mliache. Maji ndiyo magumu kuliko uji; yanateleza kabla koo halijajiandaa, yanaishia mapafuni. Anayekohoa mwinamishe mbele kidogo, mwache akohoe. Asiyeweza kukohoa wala kutoa sauti, huyo kazibwa: mwinamishe umpige kwa kiganja katikati ya mabega, mara 5, mwingine akiita msaada.

Na wapo wasiokohoa kabisa. Chai inaingia mapafuni kimyakimya, wewe unaona tu sauti imekuwa ya majimaji baada ya kunywa, homa haziishi, gauni limeanza kupwaya. Kama nimonia inamrudia, mweleze daktari jinsi anavyokula, hata asipouliza. Omba akupeleke kwa mtaalamu wa matamshi. Huyo ndiye anayeshughulika na kumeza pia. Ni wachache, lakini ulizia hospitali ya rufaa.

Nyumbani, mlishe akiwa macho hasa, ameketi wima kitini. Nawe keti. Ukimlisha umesimama, anainua kidevu kukutazama, na shingo ikilala nyuma njia ya hewa inabaki wazi. Televisheni izimwe. Tumia kijiko cha chai, usubiri koo lipande na kushuka ndipo ulete kingine. Akiganda na tonge, mguse mdomo wa chini kwa kijiko kitupu. Mara nyingi humeza. Ndiyo, mlo utachukua nusu saa au zaidi. Mwenye haraka asipewe kijiko.

Mtori uliosagwa vizuri, ndizi iliyopondwa, uji mzito: hivyo vinapita. Wali kwenye mchuzi mwepesi ni mtego, kwa sababu mchuzi unatangulia na punje zinabaki nyuma. Maji usimnyime, mpe mafunda madogo kwa kikombe. Vidonge usivisage kabla ya kumuuliza mfamasia, kwani vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole. Akimaliza kula asilazwe kwa nusu saa, na umsafishe kinywa, mashavuni pia, meno ya bandia yakitolewa usiku. Vijidudu vya kinywa kichafu ndivyo vinavyoshuka na mate kwenda kuleta nimonia.

Kuhusu wifi anayeshikilia mama awekewe mpira wa kulishia: ugonjwa huu ukishafika mbali, chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kinashauri kulisha kwa mkono, taratibu. Mpira haujaonekana kurefusha maisha wala kuzuia nimonia, na wagonjwa wengi huung'oa mpaka wanafungwa mikono. Mimi nisingependa mama yangu afungwe mikono. Msomee wifi haya, halafu mkabidhi zamu ya mchana.